Machaguo Niliyomtungia Senje

Nilimwahidi senje, yaani dada ya baba, kwamba nitamtafsiria neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, na ahadi hiyo niliivunja kabla juma halijaisha. Niliivunja kwa nia njema, tena kwa kanuni, na hilo ndilo linalonikera hadi leo, kwa sababu mtu anayedanganya kwa kanuni huchelewa sana kujigundua.

Alikuja kwetu Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, kutoka mashamba ya maua ya Karagita, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa bendeji hadi vidoleni. Miaka mingi ya kushika mkasi na kukata mashina ya waridi ilikuwa imembana mshipa wa kifundo, na daktari aliyempasua alimwagiza asiinue hata kikombe kwa wiki sita. Wazazi wangu walishinda kazini. Mimi nilishinda nyumbani, mwalimu mwenye cheti na asiye na darasa, nikisubiri tangazo la ajira kama wenzangu wengi. Kazi yangu ikawa kumpikia chai, kumfungulia vidonge na kumpitishia saa.

Mimi nimebeba jina la babu, yule aliyeletwa Nakuru na kazi ya reli, kwa hivyo senje huniita baba. Alinibeba mgongoni nikiwa mchanga, akanifuta kamasi, lakini mimi ni baba, hata anaponituma maji ya kuoga.

Wakati huo nilikuwa nimerithi mashine ya gemu kutoka kwa rafiki wa chuo aliyepata mpya. Ndani yake mlikuwa na diski moja tu, gemu ya Kijapani ya zile ambazo mchezaji huingia ndani ya mhusika na kusafiri naye kwa saa nyingi katika kisa kirefu. Rafiki yangu aliiacha humo makusudi. Aliniambia kwamba hiyo si gemu, ni reli. "Unakaa dirishani, boss, unaonyeshwa miti."

Nilikubaliana naye kabisa. Sisi watatu tuliohitimu pamoja tulikuwa na imani yetu kuhusu jambo hili, na mhubiri wake nilikuwa mimi. Nilikuwa nimezoea gemu kubwa za Magharibi, zile zinazokupa nchi nzima na kukuacha uamue mwenyewe: uwe mwizi au mlinzi, umsamehe adui au umkate, uipuuze vita ukachume majani ya dawa milimani kwa miezi miwili. Nilisema, na niliandika hata katika insha ya darasani, kwamba gemu ya namna hiyo humfunza kijana uraia, kwa kuwa inamwambia kwamba dunia itakuwa vile atakavyoamua. Ile ya Kijapani, ambayo kisa chake kimeandikwa mwanzo hadi mwisho na mchezaji hawezi kukibadilisha hata kwa nukta, niliiita malezi ya mateka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikuwa nimewahi kumaliza hata moja ya namna hiyo.

Nilianza kuicheza kwa sababu sikuwa na nyingine. Senje alikuwa amekaa kwenye kochi nyuma yangu, akitazama watu watano wakivuka jangwa wakiwa na kengele ya shaba juu ya punda, wakiipeleka mlimani. Maandishi yalipita kwa Kiingereza, upesi, na yeye aliishia darasa la sita. Akaniuliza mzee yule mwenye fimbo anasema nini. Nikamjibu kwa ufupi. Akauliza tena, na tena, mwishowe akaniambia kwamba Jumapili mimi husimama kando ya wahubiri wageni na kugeuza maneno yao mbele ya kanisa zima, sasa kwa nini yeye nampa makombo. Hapo ndipo nilipoahidi.

Ni kweli kwamba mimi ni mkalimani wa kanisa. Ni kazi yenye heshima yake na maringo yake. Mgeni akinyanyua mkono unaunyanyua wako, akinong'ona unanong'ona, akilia unatafuta chozi. Sheria ni moja, kwamba mahubiri si yako. Lakini mwaka mmoja mgeni alisema jambo la kuwadharau wajane, na mimi nilililainisha likawa sifa, na wajane wakaitikia amina. Hakuna aliyejua. Nilirudi nyumbani nikijiona nimetenda haki, na bila kujua nikawa nimejipa kibali.

Kwa siku nne nilitafsiri kwa uaminifu. Siku ya tano, safari ilifika kisimani, ambapo mzee aliyepoteza kondoo anawaomba wasafiri wamsaidie. Gemu haiulizi. Wasafiri wanakubali, basi. Nilimtazama senje, mwanamke aliyetumia nusu ya maisha yake akiambiwa kata hapa, funga hivi, panga kumi kumi, na moyo ukanituma. Nikasema, "Senje, wanatuuliza. Tumsaidie huyu mzee au tuendelee na safari?"

Alijiinua kwenye kochi. Alikunja uso kama mtu aliyeitwa mbele ya kamati, akauliza kondoo ni wangapi, na kama jua liko karibu kuzama, kisha akasema tumsaidie, ni mzee wa watu. Nikabonyeza kitufe ambacho ningebonyeza kwa vyovyote. Wasafiri wakaenda kutafuta kondoo, na senje akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sikuwa nimewahi kumwona akitazama runinga namna hiyo.

Tangu siku hiyo nikawa natunga. Kila mahali kisa kilipokaa kimya kidogo, mimi niliweka swali. Yeye akichagua kile ambacho gemu ilikuwa ikienda kufanya, mambo yalikwenda sawa. Akichagua kinyume, nilipindisha tafsiri hadi ikutane na picha. Aliwahi kukataa katakata wasafiri wamkaribishe mfanyabiashara mmoja mwenye meno ya fedha, na mfanyabiashara alikuwa ameandikiwa kuingia, kwa hivyo nikatafsiri kwamba amepiga magoti, amelia, na kiongozi wetu amemhurumia. Senje alisonya. Akasema kiongozi huyo hana msimamo, ni kama wa chama cha ushirika cha kina mama wa Karagita. Tulicheka sana.

Niliwasimulia wenzangu kule mtaa wa Rhonda, kwenye duka ambalo mmoja wao huchapishia watu barua na kuwachajia simu. Niliwaambia kwamba nimeikomboa gemu ya Kijapani. Nimechukua reli nikaifanya barabara. Walinipigia makofi na kunibandika jina la Mkombozi, na nilitembea kurudi Kaptembwo nikiwa mrefu kuliko kawaida.

Kisha tukafika kwenye mji wa maji.

Miongoni mwa wasafiri alikuwapo msichana mmoja, binti wa mlinzi wa lango la bwawa. Senje alimpenda kwa sababu hakusema sana na alikuwa wa kwanza kuamka. Katika mji huo bwawa limepasuka, na lango kuu linaweza kufungwa na mtu aliye upande wa ndani tu, ule utakaojaa maji. Kiongozi anasema, "Nani atabaki?" Kisha picha inatulia. Maji yanasikika, hakuna anayesema.

Mimi sikujua kinachofuata. Nilikuwa sijawahi kufika hapo. Niliona ukimya, na mkono wangu ukaenda penye mazoea. Nikamgeukia nikamwambia kwamba wanatuuliza sisi.

Alichukua muda mrefu kuliko siku zote. Chai yake ilipoa. Alimpitia kila mmoja kwa sauti, kwamba mzee ana goti bovu, kwamba yule mama aliacha mtoto kijijini, kwamba kiongozi akifa kengele haitafika. Mwisho akasema, "Msichana. Ni mwepesi, hana mtoto. Atafunga akimbie. Huyo hakosi njia."

Nilibonyeza. Msichana akajitokeza mbele. Kwenye skrini yalipita maneno yake, mistari minne, na niliisoma kwa macho tu; maneno yale hayakulingana hata kidogo na nilichokuwa nimemwuliza senje. Nikafanya nilichozoea. Nikasema, "Anasema sawa, senje. Amekubali."

Lango likafungwa. Maji yakapanda. Hakukimbia, kwa maana hapakuwa na pa kukimbilia.

Nilitarajia senje aseme pole, au aseme hawa Wajapani ni wakatili. Alisema turudishe nyuma. Nikamwambia haitasaidia, kisa ndivyo kilivyo. Akaniuliza ningemwambiaje kwamba ndivyo kilivyo ilhali amechagua yeye. Nikamwambia ni gemu tu. "Basi nimemwua," akasema, na nilipoanza kumcheka ili apoe, alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. "Usicheke, baba. Wewe ndiye uliniuliza."

Siku mbili hakukaa kwenye kochi. Alitoka nje akaketi kwenye ngazi pamoja na majirani waliokuwa wakichambua sukuma wiki, mkono wake mweupe ukiwa juu ya paja kama mtoto wa mtu mwingine. Hakugusa ugali. Mama aliniuliza nimemfanyia nini wifi yake.

Siku ya tatu nilikuwa nikimbadilishia bendeji. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeinama na hakuwa akiniona uso ndipo akanieleza. Katika ghala la kupangia maua, aliwahi kuwa msimamizi wa laini, yaani safu moja ya wanawake wapangao maua. Msimu mmoja maagizo ya waridi yalipungua, na meneja akamwita ofisini, akampa kalamu na karatasi, akamwambia kwamba yeye ndiye anayewajua wanawake wake vizuri, kwa hivyo achague watatu wa kuachishwa kazi. Alisali. Akaandika majina. Wa kwanza alikuwa msichana aliyeishi naye katika ploti moja ya nyumba za kupanga, kwa hoja kwamba bado ni mdogo, hana mtoto, hatakosa kazi kwingine. Alikosa. Hadi leo wakikutana bombani msichana yule huhamishia ndoo yake upande wa pili.

Baadaye msimamizi wa laini nyingine, mwanamke mkaidi, alimwambia kwamba yeye aliandika majina yake, lakini walioachishwa walikuwa wengine kabisa, wale ambao majina yao yalikuwa yamechapwa kwenye orodha tangu wiki iliyotangulia. Orodha ilikuwepo kwa laini zote. Kalamu ilikuwa ya maonyesho.

Nikamwuliza kwa nini basi walijisumbua kumpa kalamu.

"Waliniuliza ili lawama iwe yangu," akasema.

Niliendelea kuzungusha bendeji. Nilijua nilichokuwa nikitazama. Mimi, mwandishi wa insha juu ya uhuru, nilikuwa nimemkalisha senje wangu kwenye kochi letu wenyewe, nikampa kalamu ya maonyesho kwa wiki tatu, naye akaipokea kwa mikono miwili, hata ule uliopasuliwa. Tofauti yangu na meneja ni kwamba mimi nilimpikia chai.

Ningeweza kunyamaza. Nisiseme uongo, nilifikiria kunyamaza. Heshima yangu yote kwake ilikuwa juu ya ile kazi ya ukalimani, na niliona wazi kwamba nikisema, sitasimama tena mbele yake kanisani nikiwa mtu yule yule. Lakini alikuwa amebeba kifo kisicho chake, juu ya ile lawama ya bombani, na aliyemtwika alikuwa mimi. Nikawasha mashine. Nikafungua pale tulipokuwa tumehifadhi safari kabla ya mji wa maji. Nikamwomba akae, nikaweka kidude cha vitufe kwenye mkono wake wa kushoto, nikamwonyesha kitufe kimoja, kile cha kusogeza maneno, na kumwambia kwamba ndicho pekee kilichokuwa kikitumika muda wote huo.

Alibonyeza kwa kidole gumba, polepole. Nilisoma neno kwa neno. Kiongozi akauliza nani atabaki. Senje akanitazama, akingoja swali. Nikamwonyesha kitufe. Akabonyeza. Msichana akajitokeza, na safari hii nilimpa maneno yake yote.

"Hakuna anayenituma. Lango hili lilifungwa na baba yangu, na kabla yake baba yake. Nimeamua tangu jana. Msinishike mkono."

Senje alinitaka nirudie. Nilirudia mara tatu.

"Na haya maneno," akasema, "siku ile uliyaweka wapi?"

Nikamwambia niliyameza.

"Uliyameza." Akaweka kidude cha vitufe kwenye kochi. "Wewe na yule meneja mmesoma shule moja?"

Nilimweleza yote, kondoo wa kisimani, mfanyabiashara wa meno ya fedha, yote. Hakupaza sauti. Alisema kwamba kwa hivyo wiki tatu amekuwa akichezwa yeye, si gemu. Akasema kwamba kumdanganya yeye ni kitu kimoja, maana yeye ni mtu mzima na atapona, lakini yule msichana alikuwa na neno moja tu la kusema kabla ya maji, na nikalitoa mdomoni mwake nikamtia neno la kukubali kama mtumishi. Sikuwa nimeliona hilo. Nilidhani kosa langu lilikuwa moja. Katika kisa kile kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa huru, naye hakuwa mimi wala senje.

Sikuomba msamaha kwa maneno mazuri, kwa kuwa maneno mazuri ndiyo yaliyotufikisha pale. Nilizima mashine. Kesho yake asubuhi alikaa kwenye kochi bila kuitwa, akasema niendelee, lakini pasipo na swali ninyamaze. Tulimaliza safari yote hivyo. Alilia mahali pawili na kulala mahali pamoja. Alimtukana kiongozi kwa haki sasa, kwa makosa aliyoyafanya kweli. Kengele ilipofika mlimani na kupigwa, alisema imepigwa vibaya, na nilimsomea hata majina ya waliotengeneza gemu yaliyopanda mwishoni, kwa kuwa alitaka kujua ni kina nani.

Siku aliyofunguliwa mkono na kufunga mkoba wake kurudi Karagita, aliniambia kwamba kuna fununu atarudishiwa usimamizi wa laini. Nilidhani anasikitika. "Wakileta kalamu," akasema, "nitawaambia waandike wenyewe, kwa mkono wao, na jina lao waliweke chini." Aliongeza kwamba atamwambia pia yule msichana wa bombani kuhusu orodha iliyokuwa imechapwa, si ili asamehewe, ila ajue. Kama alimwambia sijui. Sijamwuliza, na sitamwuliza hadi aseme mwenyewe.

Wenzangu wa Rhonda hawakupendezwa. Niliporudi dukani na kuwaambia kwamba najivua jina la Mkombozi, walisema nimekuwa mtu wa kusukumwa, kwamba ninatetea reli kwa sababu babu aliijenga. Tulibishana alasiri nzima na sikurudi nyuma. Mmoja alisema gemu isiyo na chaguo humfanya mchezaji kuwa mtumwa. Nilimwambia kwamba mtumwa ni yule anayeambiwa chagua huku orodha imechapwa. Gemu ya Kijapani haikunidanganya hata mara moja. Ilisema tangu mwanzo: nitakusimulia, wewe sikiliza. Uongo wote uliosemwa katika chumba kile ulisemwa na mimi, kwa jina la uhuru.

Wasinielewe vibaya. Bado nacheza zile za Magharibi. Ziko ambazo chaguo lake ni la kweli, linauma na linadumu, na ninaziheshimu kama ninavyoheshimu kura iliyohesabiwa. Lakini nimecheza nyingine nyingi ambazo njia tatu zote hukutana nyuma ya kilima kile kile, na kila mtu anajua, na bado tunaziita huru kwa kuwa zinatuuliza kwa adabu. Hizo sizitetei tena. Nimechoma vijiji vingi humo, na wala sikumbuki uso wa mtu hata mmoja. Msichana wa lango namkumbuka.

Na sikubali kuambiwa kwamba haya ni mambo ya gemu. Hapa bondeni tunaulizwa mengi. Tunaitwa mikutanoni kutoa maoni juu ya mambo yaliyokwisha kutiwa sahihi, tunapewa fomu za kujaza, na yakiharibika tunakumbushwa kwamba tulishirikishwa. Mimi nimesomeshwa ili niwe mmoja wa wale wanaoshika karatasi na kuwageuzia wengine maneno. Nitapata darasa siku moja, na darasani nitauliza maswali. Nimeapa, na kwa hili niko tayari kuitwa mkaidi, kwamba sitauliza lile ambalo jibu lake nimeshaliweka mfukoni.

Kwako unayesoma nina ombi moja. Ukikaa na mtu anayekutegemea umsomee, iwe ni barua ya hospitali, mkataba wa kazi au hadithi ya kwenye skrini, na ukafika mahali ambapo hana la kuchagua, tafadhali mwambie hivyo.